Mateka wa Kumi na Saba

Jana mchana, saa nane na dakika chache, nikiwa nimekaa mstari wa pili katika ukumbi wa parokia uliojaa watu, usingizi ulinichukua nikaota. Nitaisimulia ndoto hiyo kama ilivyokuja, bila kuongeza chumvi. Chumvi naijua. Nimepika miaka thelathini na moja.

Kwanza niseme nilikuwa nafanya nini pale. Miaka ishirini na tatu iliyopita nilikuwa mpishi wa Hoteli ya Utulivu, hapa hapa mjini kwetu. Jumanne moja, saa sita mchana, majambazi wanne waliokuwa wanawakimbia polisi waliingia hotelini na bunduki, wakafunga milango, wakatushika mateka kwa saa ishirini na sita. Sasa watu wa filamu kutoka Dar es Salaam wameutengenezea mkasa ule picha nzima, na kwa heshima yetu sisi tulionusurika wakaamua waje kutuonyesha kabla ya watu wengine wote. Nilialikwa kwa barua kuwa mgeni wa heshima. Kesho yake nikapigiwa simu nikaombwa niwapikie pilau wageni wa heshima.

Basi nilikuwa nimeamka alfajiri, nimekoroga masufuria matatu makubwa, nimekwenda nyumbani kuoga, nimevaa gauni la sikukuu, nimekuja kukaa. Taa zilipozimwa sikulala kwa dharau. Nililala kwa sababu nilikuwa nimechoka.

Kulia kwangu alikaa Gaudensia, mjane wa Ansgari Ndunguru. Ansgari alikuwa dobi wa hoteli, na ndiye pekee kati yetu aliyeuawa siku ile. Mlangoni walikuwa wamebandika tangazo la filamu: MATEKA KUMI NA SITA. WOTE WALIRUDI. Sisi tulikuwa kumi na saba. Gaudensia alilisoma lote, akanyanyua khanga yake isiguse vumbi la ngazi, akaingia. Mimi nikamfuata nikiangalia visigino vyake. Tangu siku ile mume wake alipokufa sijaweza kumwangalia usoni, na sababu yake nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, hata padre.

Katika ndoto nipo jikoni hotelini. Jiko ni lile lile la zamani, ila ukuta mmoja haupo. Pale ulipokuwa ukuta wamekaa watu mia mbili kwenye viti vya parokia, wanatafuna karanga na kunitazama. Sikuona ajabu. Nikafunua maharage kuangalia kama yameiva.

Jambazi anaingia na bunduki.

"Tulieni hivyo hivyo," anasema. "Tumekuja kuteka."

Nikampa ndoo. "Bomba halitoi maji tangu asubuhi," nikamwambia. "Nenda kisimani, nyuma ya chumba cha dobi."

Akaiangalia ndoo, akaiangalia bunduki. "Mama, sisi tunateka watu."

"Watu wanatekwa ukumbi wa chakula. Huku tunateka maji."

Akaniomba radhi, akaenda. Aliporudi alikuwa amejaza ndoo mbili, moja kichwani, na bunduki ameitumia kama mti wa kubebea ile ya pili.

Hapo ndipo nilipomwona mwongozaji wa filamu. Amekaa juu ya kabati la vyombo, amevaa kofia na miwani ya jua, na mkononi ana kipaza sauti ambacho kinaongea chenyewe, hakimsubiri.

"Kimya!" kipaza sauti kinasema. "Picha inapigwa!"

Wakaja vijana wawili na fimbo, wakaishusha picha iliyokuwa ukutani, picha ya maua ambayo mwenye hoteli aliipenda sana, wakaanza kuipiga.

"Nimekosa nini?" picha ikauliza.

"Hujakosa kitu," akasema mmoja wa wale vijana, kwa upole. "Ndivyo kazi hii inavyofanyika."

"Kata!" kikasema kipaza sauti.

Nikakata kitunguu.

"Rudia!"

Nikachukua kingine.

"Kata!"

Tukaendelea hivyo mpaka nikawa nimekata vitunguu vya siku tatu. Mwongozaji akaniambia kwamba katika kazi yake yote hajapata mtu anayemsikiliza kama mimi.

Kisha wakamleta nyota wa filamu. Nasema wakamleta kwa sababu hakuweza kutembea. Alikuwa nyota kweli, wa pembe tano, anawaka, na wale waliombeba walikuwa wamejifunga vitambaa vya jikoni mikononi wasiungue. Wakamweka juu ya meza karibu na nyanya. Nyanya zikaanza kuiva.

"Shikamoo," nyota akasema. "Mimi ndiye ninayeigiza wewe."

"Marahaba. Na mimi nafanya nini humo?"

"Unalia."

"Nalia lini?"

"Mara nne. Jina lako ni Mwanamke wa Jikoni. Unalia wakiingia, unalia wakifunga milango, unalia ukimkumbuka mwanao, unalia ukiokolewa."

"Mimi nina jina, naitwa Blandina Kapinga," nikamwambia. "Na sikulia hata mara moja. Nilipikia watu kumi na saba na majambazi wanne kwa saa ishirini na sita, kwa jiko moja la mkaa. Ningelia saa ngapi?"

"Imeandikwa," ikasema sauti kutoka kwenye ubao wa kukatia nyama.

Ilikuwa skripti. Rundo la karatasi limelala pale ubaoni, limefungwa kwa uzi, na sauti yake ni ya karani anayekaribia kustaafu.

"Nani alikuandika?" nikaiuliza.

"Wewe," ikasema. "Wewe na wenzako. Alikuja mwandishi nyumbani kwako mwaka juzi, akakuuliza, ukamjibu, akaandika. Isipokuwa ukurasa wa themanini na moja. Fungua."

Nikaufungua. Ulikuwa mweupe.

"Aliuliza, 'Nani aliwafungulia polisi mlango wa nyuma?' Ukamjibu, 'Sikumbuki.' Ukampa chai na maandazi. Mimi siwezi kutembea na ukurasa mweupe, Mama. Ni kama mtu kwenda kazini bila suruali. Ikabidi wauzibe."

"Wakauziba na nini?"

"Na helikopta."

Helikopta ikaingia kupitia dirisha la kutolea moshi. Ilikuwa imejikunja sana na inaona haya.

"Hodi," ikasema. "Samahani, wenye nyumba. Mimi nimewekwa tu."

"Mji huu haujapata kuona helikopta," nikaiambia. "Polisi walikuja na lori la mnunuzi wa mahindi kwa sababu gari lao lilikuwa bovu."

"Najua, Mama. Hata mimi niliwauliza. Wakasema lori la mahindi haliuzi."

Kutoka ndani yake akashuka komandoo kwa kamba, kifua wazi, amejipaka masizi mashavuni. Akatembea katikati ya jiko na kalamu na orodha.

"Mmeokoka?" akauliza.

"Sisi ni Wakatoliki," nikamjibu.

"Sikuulizi dini. Nauliza kama mmeokoka."

Kutoka chini ya meza akajitokeza mmoja wa wale wakaguzi wa mizani waliokuwa na semina hotelini siku ile. "Mimi niliokoka mwaka juzi," akasema, "kwenye mkutano wa injili pale uwanja wa mpira."

Komandoo akaweka alama kwenye orodha, akamfunga kamba kiunoni, wakapanda wote wawili, helikopta ikajikunja tena ikatoka dirishani. Watu mia mbili wakapiga makofi. Sisi wengine tukabaki.

Nikageuka kuchukua mwiko, na nilipogeuka sikuwa jikoni tena. Nilikuwa kwenye chumba cha dobi. Mashuka yamening'inia kila mahali, meupe, yanatoa mvuke, na katikati yake amesimama Ansgari anapiga pasi.

Alikuwa na miaka thelathini na nne, kama alivyoondoka. Amevaa lile shati lake la buluu lenye kifungo kimoja cha rangi nyingine.

"Dada Blandina," akasema, "mbona umezeeka hivyo?"

"Na wewe mbona hujazeeka?"

"Mimi niliacha."

Nikaona kilichokuwa juu ya meza yake ya pasi. Ni ukurasa wa themanini na moja. Anaunyoosha polepole, kwanza pembe, halafu katikati, kama alivyokuwa akinyoosha vitambaa vya meza za wageni wakubwa.

"Haya," ukurasa ukasema. "Nimepata joto la kutosha. Sema sasa. Jumatano, saa nane kasorobo mchana."

Nikakaa kwenye kapu la nguo chafu. Nikatafuta pa kuangalia, nikaona shuka; na shuka lile likawa linaonyesha jikoni, siku ile, na mimi ndani yake nikiwa na miaka thelathini na tano, nimeipa sufuria uso na dunia mgongo.

"Ulikuja jikoni," nikamwambia Ansgari. "Umebeba vitambaa vya meza. Majambazi walikuwa wamekuruhusu uzunguke kwa sababu yule mkubwa wao alitaka taulo safi. Ukaniambia kwa sauti ya chini, 'Dada, nipe ufunguo wa mlango wa nyuma. Nitawafungulia polisi.' Ukanyoosha mkono."

"Ndiyo."

"Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu. Nikakupa."

"Ulinipa. Ulikuwa wa moto."

"Ansgari, mlango ule ulikuwa umelegea bawaba. Ukiuvuta bila kuuinua kwanza, unapiga kelele ya kuamsha mtaa mzima. Mimi niliujua. Ilitosha nikwambie neno moja: uinue. Nikafungua mdomo, mdomo ukakataa. Nilikuwa na mtoto wa miaka miwili nyumbani. Niliona nikisema neno lolote nitakuwa nimeshiriki. Nikarudi kwenye maharage."

Pasi ilikuwa inahema.

"Ndipo nikasikia ile kelele," nikasema. "Halafu risasi moja. Halafu polisi wakaingia, na sisi kumi na sita tukatoka. Kila nikimwona mkeo sokoni naisikia kelele ile. Mwandishi aliponiuliza, nikasema sikumbuki. Ningeanza kumwambia ulifungua wewe, angeniuliza ilikuwaje ukasikika. Nimekuua mara mbili. Mara ya kwanza kwa kunyamaza, na mara ya pili kwa kunyamaza vilevile."

Ansgari akaisimamisha pasi wima. Akanitazama kama mtu anayetazama doa, anawaza ni la chai au la damu.

"Dada, kwa siku moja nilikuwa napitisha mashuka mlango ule mara ngapi?"

"Mara sita. Saba, wakija wageni wengi."

"Kwa miaka mingapi?"

"Minne."

"Na kila nikipita, nilikuwa nafanyaje?"

Nikafikiri. Nikamwona, ndoo ya sabuni huku, mzigo wa mashuka huku, mguu mmoja juu.

"Ulikuwa unauinua," nikasema. "Kwa goti."

"Kwa goti. Mikono ilikuwa imejaa."

"Sasa ile kelele ilitoka wapi?"

"Ile ilikuwa mimi." Akasema kana kwamba nimemuuliza saa. "Mlango niliufungua vizuri kabisa, haukutoa hata pumzi. Nikachungulia nje. Polisi wote wamelala ndani ya lori, juu ya magunia. Nikapiga mluzi mdogo, kimya. Nikatupa kipande cha sabuni, kikampiga mmoja begani, akageukia upande wa pili akaendelea kulala. Sikuwalaumu, saa ishirini na sita kwenye jua na baridi si mchezo. Basi nikaona hakuna njia nyingine ila kuwaita."

"Uliwaitaje?"

"Nilipaza sauti nikasema, 'Amkeni, chakula tayari!'"

Nikamtazama.

"Ndiyo maneno pekee niliyoyajua yanayoamsha wanaume kumi kwa mpigo," akasema. "Na waliamka, Dada, wote, wakaja mbio. Bahati mbaya yule jambazi aliyekuwa analinda upande wa choo naye alikuwa na njaa. Akafika kwanza."

Hapo ndipo nilipolia. Nililia nikiwa nimekaa kwenye kapu, nikajifuta kwa foronya ya chumba namba tisa.

"Mara ya kwanza," akasema nyota kutoka pembeni, akihesabu kwa pembe zake. "Zimebaki tatu."

Nilipomaliza nikasimama. Tayari tulikuwa tumerudi jikoni, na mwongozaji juu ya kabati lake anaangalia saa.

"Tunafunga kazi," kipaza sauti kikasema. "Mwanga unakwisha."

"Bado mtu mmoja," nikasema. "Huyu hapa. Anaitwa Ansgari Ndunguru. Muweke."

Mwongozaji akavua miwani. Chini yake alikuwa na miwani nyingine. "Mama, haiwezekani. Tangazo limekwishachapwa. Kumi na sita, wote walirudi. Nikimweka yeye, itabidi nibadilishe ama ile kumi na sita, ama lile neno 'wote'. Na hilo neno 'wote' ndilo linalogusa watu."

Nikaenda kwenye mlango wa nyuma. Nikaufunga. Ufunguo nikautia mfuko wa aproni.

"Basi hakuna anayetoka," nikasema. "Filamu hii nimeiteka."

Majambazi wanne wakainua mikono juu. Yule mwenye ndoo kichwani akainua mmoja.

"Ita helikopta," mwongozaji akaamuru.

"Nimeishiwa mafuta," ikajibu kwa mbali, nje. "Niliwaambia tangu mwanzo."

Ikabidi kianze kipindi cha mazungumzo. Kipaza sauti kikaja karibu yangu, kikawa laini ghafla, sauti ya mtu aliyesomea kubembeleza.

"Tunakuelewa, Mama Blandina. Tupe madai yako."

"Ni moja. Jina lake liandikwe."

"Hutaki gari? Hutaki chakula?"

"Chakula ninacho mimi," nikasema. "Ninyi ndio hamna."

Kule ambako hapakuwa na ukuta, mtu akaacha kutafuna karanga. Mwingine akauliza, "Anasema hakuna pilau?" Neno likapita mstari hadi mstari. Watu mia mbili wakasimama kwa pamoja, wakamtazama mwongozaji bila kusema lolote. Nimewahi kutazamwa na bunduki nne, lakini sijaona tishio kama lile.

Mwongozaji akashuka kabatini. "Leteni kibao," akasema.

Kibao kikaja kwa miguu yake, kile kibao cheusi wanachokigonga 'ta!' kabla ya kuanza kupiga picha. Kilikuwa kifupi, kimejaa maandishi ya chaki kutoka juu mpaka chini: tarehe, namba, majina ya watu wakubwa. Palibaki nafasi ndogo chini kabisa.

"Jina?" kikauliza.

"Ansgari Ndunguru," nikasema.

"Anaigiza kama nani?"

Nikamtazama Ansgari.

"Kama mwenyewe," akasema.

Kibao kikaanza kujiandika. Kikaandika kwa uangalifu, ulimi nje. Kilipofika ukingoni kikasimama.

"Nimeishiwa mbao," kikasema. "Kuna herufi moja imebaki nje, ile ya mwisho. Niiweke wapi?"

"Punguza maandishi," nikasema kwa hasira. "Futa mkubwa mmoja hapo juu."

"Acha, Dada," akasema Ansgari. "Vitambaa vyako vya jikoni navyo vilikuwa vinarudi vimepungua, na hukuwahi kunisema."

Akanyoosha mkono. Safari hii nilimpa ufunguo na nikasema lile neno, ingawa alishalijua. Nikasema, "Uinue." Akacheka. Akakusanya mashuka yake kwapani, mikono yote miwili imejaa, akaweka goti kwenye mlango, akauinua, akatoka. Nilitega masikio. Sikusikia chochote.

Kibao kikajigonga: ta!

Kikajigonga tena, na tena, ta, ta, ta, mpaka yakawa makofi, na makofi yale yakawa ya ukumbi wa parokia, nami nimeamka, shingo imekakamaa, mdomo umekauka. Filamu ilikuwa imekwisha. Watu wanapiga makofi huku wanageuza shingo upande wa pilau. Kwenye kitambaa cheupe majina yanapanda polepole, ya walioigiza, ya walioshona nguo, ya waliobeba taa.

Mwongozaji wa filamu, yule wa kweli, kijana mpole asiye na miwani, alikuwa mstari wa mbele yetu. Nikamwona anamwinamia msaidizi wake.

"Huyo wa mwisho kabisa ni nani?" akanong'ona. "Uliongeza wewe?"

"Sijaongeza mtu, bosi," msaidizi akasema. "Jana usiku hakuwepo."

Gaudensia hakuwa anapiga makofi. Alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti, midomo inacheza, anafuata mistari kwa kidole kama anavyofuata kitabu cha nyimbo. Kidole kikasimama. Mstari ule ulisomeka:

ANSGARI NDUNGUR — KAMA MWENYEWE

Akausoma mpaka ulipopanda ukatoka juu. Kisha akashusha mkono.

"Wamekosea," akasema. "Wameacha u."

Nikageuka nikamwangalia usoni.

"Kibao kilikuwa kimejaa," nikamwambia.